Kwa Nini Nasema Kuume

Vijana wa karakana, najua mnanicheka. Miaka yote niliyokaa nanyi nimesema "kaza kuume", nanyi mkigeuza uso pembeni mnaambiana kwamba mzee huyu Wadachi, yaani Wajerumani, walimsahau hapa. Siku hizi kila mtu anasema kulia. Watoto wangu wanasema kulia, imamu anasema kulia, hata mke wangu, tuliyetoka naye upande mmoja wa Newala, huniambia chumvi iko kulia kwako. Sasa nimestaafu, spana nimezikabidhi, na mmoja wenu aliniomba niandike kidogo juu ya kazi. Haya, naandika. Vyeo na mishahara nitaviruka, maana hayo yaliandikwa na watu wasioshika spana, na karatasi zao wanazo. Nitaandika juu ya stadi moja ya ekzosi, bomba la moshi la gari, kwa sababu ndiyo iliyonifundisha kazi, na kwa sababu nusura imuue mtu niliyempenda.

Nilishuka Masasi kutoka Mkunya, kwetu Newala, miaka michache baada ya vita vya Maji Maji, nikiwa kijana niliyekwisha kuoa. Kwetu juu mlimani maji yalikuwa mbali na chuma kilikuwa mbali zaidi. Nilitaka uhunzi, na mhunzi aliyesifiwa alikuwa Myao mmoja aliyeitwa Che Kalanje, mtu mfupi, mkavu, mwenye kikohozi, aliyefua majembe na mashoka uani kwake. Niliposema shikamoo aliitikia marahaba bila kuinua macho, akaniuliza kama masikio yangu ni mazima. Nilidhani ananitukana.

Siku ya kwanza hakunipa nyundo. Alinikalisha nimempa mgongo, akapiga chuma juu ya fuawe, akauliza, cha moto au cha baridi? Nikajibu ovyo. Akapiga tena. Tulikwenda hivyo siku nyingi, na mkewe, Mama Zuhura, akipita na ungo wake ananionea huruma. Siku nilipoanza kupatia kila mara, ndipo aliponiruhusu kushika viriba vya kuvuvia moto. Alisema mhunzi asiyesikia ni mpiga kelele tu.

Kiswahili nilikuwa nacho kidogo, maana nyumbani tulisema Chimakonde. Kiswahili changu chote nilikiokota uani pale, kwa hiyo kilikuwa cha mhunzi: koleo, tindo, tupa, keke ya kutobolea. Mkono wa kushikia nyundo ulikuwa wa kuume, na mwingine wa kushoto. Na neno kulia nililijua kwa maana moja tu. Mtoto hulia, na chuma hulia. Jembe jekundu likitumbukizwa majini hutoa sauti kali, na Che Kalanje alipoisikia alitikisa kichwa akiridhika. "Limelia," alisema. Jembe lisilolia halijawa jembe. Likumbukeni hilo, maana ndilo lililonitia matatani.

Kulipokuwa na joto alivua kanzu, na mgongo wake ukaonekana. Ulikuwa na makovu yaliyopandana, mengine mapana kama kidole gumba. Sikumwuliza. Mama Zuhura ndiye aliyeniambia. Vita vilipofika huku, watu walimletea risasi za kuyeyusha wajaze bunduki zao, wakamwambia asijali, dawa ya maji itazigeuza risasi za Mdachi kuwa maji. Yeye aliwajibu kwamba risasi huwa maji kweli, lakini juu ya moto tu, ameziona mwenyewe. Hawakumsikia. Akawayeyushia, kwa kuwa ndugu yake alikuwamo, na ndugu yake hakurudi. Baada ya vita alipelekwa Lindi na minyororo, akapigwa hamsa ishirini, yaani viboko ishirini na vitano kama walivyoviita askari, na baada ya miezi akapigwa nyingine. Alirudi na kikohozi kile. Mama Zuhura aliniambia waziwazi kwamba wa Lindi walisema mgongo huu ukiguswa mara ya tatu, hautainuka.

Basi asubuhi moja, yapata saa tatu, tulisikia ngurumo njia ya Lindi. Nilikuwa sijaona motakaa. Tuliona vumbi, halafu kuku wa Masasi nzima wakikimbilia kwetu, halafu chombo chenyewe kikinguruma na kutema moto ubavuni. Ndani yake alikuwamo Mdachi mmoja mwenye kofia pana, dereva wake akitetemeka kwa homa, mkalimani wa Lindi aliyeitwa Sefu, na askari mmoja. Mdachi alikuwa na baraza Newala kesho yake. Lakini bomba la moshi lilikuwa limelegea pale linapoungana na injini, moto ulikuwa unatoka mahali pasipotakiwa na kuanza kuunguza mbao za sakafu. Kupanda mlima wa Newala hivyo ni kujichoma mwenyewe. Akauliza mhunzi yuko wapi.

Niwaambie kazi yenyewe ilivyokuwa, maana ni ileile mnayoifanya nyinyi. Bomba lilishikwa na stadi nne. Stadi, kwa asiyejua, ni parafujo isiyo na kichwa: ncha moja imezama ndani ya injini, nyingine imetokeza nje kushika nati. Nati moja ilikuwa imedondoka njiani. Nyingine zimelegea. Sandukuni mwa gari mlikuwa na nati za akiba, stadi moja ya akiba, na spana. Kazi ya mtoto, ukitazama. Dereva alikuwa amelala chini ya ukuta akiota baridi juani, hivyo Mdachi aliamuru mkono wenye nguvu ushike spana chini ya macho yake. Mkono ule ulikuwa wangu. Che Kalanje alisimama nyuma yangu.

Nilifunga nati tatu vizuri, kwa kuona tu zilivyokwenda. Ya nne ilikuwa imejificha nyuma ya bomba, siioni, naipapasa kwa vidole. Nikasita. Mdachi akasema neno kwa ukali, na Sefu, aliyesimama mbali kwa kuhofia mafuta yasimchafulie kanzu, akaniita, "Zungusha kulia! Kulia!"

Nilimsikia vizuri, wala sikuwa na shaka. Izungushe mpaka ilie. Nikazungusha. Nati ikakaa, ikakaza, nami bado naisubiri. Nikaongeza nguvu. Kimya. Nikaweka mguu kwenye tairi, nikavuta kwa mwili mzima, na hapo ikalia, kilio kimoja kidogo chembamba, na mkono wangu ukaenda bure. Spana ilianguka na kipande cha stadi kikiwa ndani ya nati yake. Nusu ya pili ilibaki ndani ya injini, imekatika sawa na uso wa chuma, hakuna pa kushika. Wahenga walisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Hawakuwahi kuvunja chuma cha Mdachi.

Mdachi aliinama akatazama. Hakupiga kelele, na hilo lilinitisha zaidi. Alizungumza polepole, na Sefu akatafsiri: motakaa iwe tayari kabla ya alasiri, isipokuwa tayari, aliyevunja atapata hamsa ishirini, na ni nani aliyevunja? Nilikuwa nafungua mdomo. Che Kalanje alikwisha kuinua mkono.

"Mimi," alisema. "Kazi ya uani kwangu ni yangu."

Niwe mkweli, kwa kuwa wengi wenu mnanidhania jasiri. Nilinyamaza. Niliogopa, ulimi ukashikamana na meno, na neno langu likapita wakati wake. Askari alivuta kinu cha Mama Zuhura, akakipindua, akakikalia katikati ya ua, kiboko mapajani. Akaomba mafuta. Mama Zuhura akamletea kibuyu cha mafuta ya mbarika, na mtu yule akaanza kukipaka kiboko chake taratibu, kama mtu anayempaka mtoto. Sisi tulihitaji mafuta yaleyale kwa ajili ya stadi. Ilinibidi niende nikamwombe, naye akanipa, kwa adabu kabisa.

Che Kalanje alilala kifudifudi, akatia kidole kwenye shimo, akakiacha humo kwa muda. Kisha akaokota kipande kilichokuwa ndani ya nati, akakitazama upande uliokatika, akakifunga kwenye pindo la shuka yake. Akanituma nta ya nyuki.

Sikilizeni sasa, hapa ndipo penye kazi. Stadi ya ekzosi haikai ndani kwa kukazwa tu. Imeungua na kupoa mara elfu, kutu imeishika, imekuwa kitu kimoja na injini. Ukiilazimisha inavunjika tena, ndani zaidi. Kwanza iondolee kule kung'ang'ania kwake. Che Kalanje alitaka kuitia moto. Mdachi alikataa katakata, moto hautakaribia motakaa yake yenye petroli. Ikabidi Sefu asimame katikati, akitafsiri huku na huku, mpaka ikakubaliwa petroli yote ikingwe katika madebe na kupelekwa mbali, nyuma ya nyumba, na Sefu mwenyewe ayalinde. Jua lilikuwa limeshapanda sana.

Tulichoma msumari mnene mpaka ukawa mwekundu, nikaushika kwa koleo na kuugandamiza juu ya kile kisiki cha stadi, juu yake tu, bila kuigusa injini. Ukipoa, mwingine. Kisha nta. Nta ikigusa chuma cha moto huyeyuka na kuingia mahali ambapo mafuta hayaingii, inafuata joto. Tulifanya hivyo mara nyingi, moto na nta, moto na nta. Halafu ilibaki kutoboa.

Kutoboa ndiko kulikoniua roho. Ncha ya keke tuliifua kutoka tupa kuukuu. Tundu lazima lipite katikati kabisa ya stadi. Likienda upande, linaharibu injini, na hapo hakuna hamsa ishirini tena, pana kamba ya shingoni. Na ncha ikikatikia ndani, basi, tupa haitobolewi na chuma chochote tulichokuwa nacho. Macho ya Che Kalanje hayakuwa ya kazi ndogo, na kifua chake kilimtikisa kila alipoinama. Hivyo alinipa keke. Yeye alichukua fimbo ya chuma, akaweka ncha moja kwenye injini na nyingine sikioni, akafumba macho.

"Usitazame," aliniambia. "Nitakwambia mimi."

Nililala ubavu, bega chini, nikivuta upinde wa keke kwenda na kurudi. Jasho liliniingia machoni. Sikusikia ila mkwaruzo, na nyuma yangu ule mkono wa askari ukiteleza juu ya kiboko. Kila mara Che Kalanje alisema, juu kidogo. Au, acha, pumzika, inapata moto. Mara moja alinishika mkono ghafla akanizuia kwa muda mrefu sana. Ncha ilikuwa inataka kukatika, aliisikia, mimi sikuhisi kitu. Tuliitoa, tukainoa, tukarudi. Kivuli cha paa kilikuwa kimefika kwenye miguu ya askari, naye aliinua macho kulitazama jua.

Tundu lilipofika kina cha kutosha, tulipigilia ndani yake msumari wa pembe nne uliochongoka, ukashika. Spana nikaiweka juu ya msumari. Che Kalanje alirudisha fimbo sikioni. Nikavuta kushoto, kidogo, kama anavyovutwa mzee asianguke. Hakuna. Moto tena, nta tena. Nikavuta. Hakuna. Nilimwambia kwa sauti ndogo kwamba alasiri imefika, nitasema ni mimi.

"Utasema baadaye," alijibu. "Sasa vuta."

Nikavuta, na stadi ikalia. Ilikuwa sauti nyingine, nzito, ya chini, siyo kile kilio chembamba cha asubuhi. Che Kalanje alifumbua macho. Imelia, alisema, sasa kushoto, robo moja, kisha irudishe nyuma, kisha robo tena. Ilitoka hivyo, robo kwa robo, ikiwa na nta nyeusi katika meno yake, mpaka ikaniangukia kiganjani ikiwa bado ya moto. Sikuitupa. Ilinichoma na nikaifurahia.

Stadi ya akiba ikaingia kwa vidole. Nikaweka nati. Sefu, aliyekwisha kurudi kutoka kwenye madebe yake, alifungua mdomo, na Che Kalanje akamwinulia kidole. "Wewe nyamaza, bwana," alisema. Kisha kwangu: "Kaza kuume. Ikikaa, ongeza robo, acha." Nikakaza kuume. Petroli ikarudishwa, Mdachi mwenyewe akazungusha mkono wa kuwashia, na motakaa ikanguruma kwa sauti nzuri, safi, bila kutema moto. Mama Zuhura alikaa chini hapohapo alipokuwa.

Nilidhani imekwisha. Mdachi alimpa Che Kalanje mkono, akamsifu kwa maneno ambayo Sefu aliyatafsiri vizuri sana. Halafu, akifuta mikono yake kwa kitambaa, akaongeza jambo, na Sefu akatazama chini. Alisema Bwana amefurahia kutengeneza. Sasa imebaki habari ya kuvunja. Askari alisimama kutoka kwenye kinu.

Che Kalanje alianza kuvua kanzu. Niliuona ule mgongo, na safari hii ulimi ukafunguka.

"Si yeye," nilisema. "Niliyevunja ni mimi. Na huyu ndiye aliyeniambia kulia."

Sefu alinitazama bila kuelewa. "Kulia ni kuume," alisema.

"Kwetu kulia ni kulia."

Niliona neno likimwingia polepole. Mdachi aliuliza tunasema nini, na Sefu akaeleza kwa muda mrefu, na mpaka leo sijui alieleza nini. Huenda alijitetea, huenda alinitetea. Kijerumani sikukijua ila maneno ya jeshini ya kushoto na kuume, nayo niliyajua baadaye. Che Kalanje alifungua pindo la shuka, akatoa kile kipande, akamwonyesha Mdachi upande uliokatika. Kisha akachukua na kile kilichotoka injini, akaviweka vyote viwili kiganjani mwa Mdachi.

Mdachi alitoa kioo cha kukuzia, akaviangalia. Niliona na mimi kwa mara ya kwanza. Nusu ya mkato wa kile cha ndani ya nati ilikuwa nyeusi, imejaa masizi na kutu. Nusu ilikuwa nyeupe, inang'aa. Stadi ilikuwa imepasuka siku nyingi kabla ya kuja kwetu, pengine kabla ya kuvuka bahari, na moshi ulikuwa umeingia katika ufa. Mimi niliikata ile nusu iliyobaki. Mdachi alikuwa mtu wa haki, kwa haki yake. Alihesabu. Nusu nyeusi ni kosa la chuma, nusu nyeupe ni kosa la huyu. Basi hamsa ishirini igawanywe mara mbili.

Nusu yake ni kumi na mbili na nusu. Nilipigwa kumi na mbili, askari akasita, akatazama nyuma, na Mdachi akatikisa mkono kwamba inatosha. Sefu ndiye aliyelazimika kuhesabu kwa sauti. Alihesabu kwa Kiswahili kizuri cha Lindi, na sauti yake ilimkauka kabla ya kumi. Sikulia. Nilitaka, Mungu ananijua, lakini neno lile lilikuwa limeniudhi.

Waliondoka wakapanda kwenda Newala. Nilisikia motakaa mpaka iliponyamaza mbali. Mama Zuhura alinipaka mgongoni mafuta ya mbarika yaliyobaki, na Che Kalanje alikaa mbele yangu na vile vipande viwili. Nilimwuliza kwa nini hakumwonyesha Mdachi tangu asubuhi, wakati yeye alikwisha kuona. Alikohoa, akasema angeonyesha asubuhi, Mdachi angesema mhunzi anatafuta udhuru. Mtu aliyekwisha kutengeneza ndiye anayesikilizwa. Kisha akanipa vipande.

"Nyeusi si yako," alisema. "Nyeupe ni yako. Usichukue zaidi, usichukue pungufu."

Alikufa miaka mitatu baadaye, kwa kikohozi, kitandani kwake, na mgongo wake haukuguswa tena. Mpaka kufa kwake, kila nilipoharibu chuma alinikumbusha kwamba ile nusu ya kiboko bado iko kwa Mdachi, niwe mwangalifu asirudi nayo. Wadachi wenyewe wakaondoka na vita vyao. Nikabeba mizigo ya Waingereza, nikaona motakaa zao zikifa moja moja kwenye mchanga, nikaanza kuzifufua, na kutoka hapo hadi karakana hii mnaijua hadithi. Stadi za ekzosi nimezitoa nyingi kuliko nywele nilizobaki nazo. Moto, nta, subira, na sikio. Kabla ya kumlaumu mtu, tazameni mkato: palipo peusi, palikwisha kuvunjika. Na mtu aliyetoka Chiwata, au juu Mkunya, au pwani, mkimwambia neno, mwulizeni amesikia nini kabla hajavuta spana.

Vile vipande nimeviacha kwenye droo ya meza yangu ya kazi, ndani ya kopo la nta. Jana, nikisafisha droo, nilivitoa ili nimwonyeshe mkewe Che Kalanje, aliyekuwa akiniambia kila mara nivitupe. Sijui nilisahau vipi kwamba Mama Zuhura naye amekwisha kufa. Nikavitazama mwangani. Miaka imeila ile nusu nyeupe, kutu imeifunika, na mkato wote sasa ni rangi moja. Nilivigeuza sana, na sikuweza tena kujua nusu ipi ilikuwa yangu.